Ubeti Nilioukataa Mara Sita

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kubadili neno katika nyimbo za kwaya yetu, na sioni haya kusema kwamba nilikifurahia cheo hicho.

Kwaya yenyewe si kubwa. Ni Wanyarwanda ishirini na kitu tuliokulia Tanzania, wengi wetu Karagwe na Ngara, mimi nikiwa wa Ngara, pamoja na watoto wetu wachache waliokubali kushawishiwa. Tulirudi nchini na vyeti, na masufuria, na Kiswahili ambacho majirani wa Kigali walitusamehe taratibu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kanisa letu hapa Kicukiro hutupa nafasi ya kuimba kwa lugha iliyotulea. Watu hutuita kwaya ya wazee. Mimi nina miaka hamsini na mitatu. Kwenye foleni ya uzee najihesabu bado niko nje, sijafika dirishani.

Tovuti ya kwaya niliitengeneza mwenyewe, enzi zile ambapo mtu aliyejua kuunda ukurasa wa intaneti aliheshimiwa kama fundi redio wa zamani. Nilijifunzia kwenye kafe ya intaneti mjini, kwa kitabu nilichoazima na ambacho sikukirudisha. Nikachapa nyimbo arobaini na mbili, kila mmoja na ukurasa wake, herufi za bluu juu ya kijani, rangi ambazo leo naziungama kama dhambi. Msomaji alibofya, akasoma, akaondoka. Hapakuwa na pa kutoa maoni, wala pa kupenda, wala nywila. Ilikuwa kama kibao kilichopakwa rangi juu ya duka: kinasema jambo lile lile mwaka mzima, na hakikuulizi jina lako.

Aliyetaka neno libadilishwe aliniletea karatasi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Nitaiangalia," nikaitia kwenye droo. Nadhani kwa miaka yote hiyo nilibadili maneno matatu, na mawili kati yake yalikuwa makosa yangu ya kuchapa. Hakuna aliyelalamika. Nilichukulia kwamba hawalalamiki kwa sababu kazi ni nzuri.

Kisha tukachagua katibu mpya. Huyu ni mama kijana, mtengenezaji wa programu za kompyuta, aliyezaliwa hapa hapa Kigali, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa mama yake. Siku moja baada ya mazoezi alinijia akiwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeleta habari za hospitali.

"Muzee, ile tovuti yako iko nzuri," alisema. "Lakini haiongei."

"Ni maneno ya nyimbo. Ulitaka iseme nini?"

"Watu wanataka kushiriki."

"Wanashiriki. Wanaimba."

Akacheka kwa adabu, na nikajua kwamba kazi imeshakwisha kufanywa.

Alituonyesha mkutanoni. Kila mwanakwaya angejiunga kwa simu yake. Yeyote angeweza kupendekeza badiliko lolote: neno, ubeti, hata wimbo mzima. Pendekezo lingeonekana na jina la aliyelileta. Chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa, na kila anayebonyeza jina lake linatokea hapo. Wakipatikana watatu wa kukubali, badiliko linaingia kwenye simu zote kwa mara moja. Ili nisijione nimezikwa nikiwa hai, nilipewa cheo cha mlinzi wa maneno. Kataa yangu moja ilitosha kuliua pendekezo lolote, hata lililokwisha kuingia.

"Na hao wengine, nani atabonyeza Kataa?" niliuliza.

"Yule asiyekubali."

Nilimtazama kwa huruma. Amezaliwa katika mji huu, amesomea katika mji huu, lakini mashine ilikuwa imemsahaulisha watu wake. Hapa kwetu mtu hamwambii mwenzake hapana mbele za watu. Anasema *nta kibazo*, hakuna tatizo, kisha anakwenda zake na kufanya lake, au hafanyi lolote. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mapendekezo mawili yanayopingana yalipitishwa yote mawili bila kura ya kupinga, na tukafunga kwa sala. Ustaarabu huo hauna madhara mdomoni, kwa kuwa maneno ya mdomo huyeyuka. Sasa tulikuwa tunautengenezea kitufe.

Wiki ya kwanza mmoja wa besi alipendekeza tuseme "Bwana" badala ya "Yesu" katika wimbo wa saba. Watu kumi na mmoja wakakubali. Kesho yake soprano mmoja akapendekeza "Yesu" arudishwe. Wakakubali wale wale, akiwemo yule besi. Wimbo wa Krismasi ukaota kiitikio kutoka Uganda. Mwanakwaya mwingine, badala ya kunitumia ujumbe, aliandika mahali pa ubeti kwamba mtoto wake ana mafindofindo na hataweza kuja mazoezini. Watatu wakabonyeza Kubali, naamini kwa huruma. Nilikuwa safarini Huye, kwa hiyo kwa siku mbili ubeti wa tatu wa wimbo wa kumi na tisa ulikuwa unahusu mafindofindo, na kiitikio chake kilikuwa "Pole sana, tumwombee."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwa kirefu. Alikuwa anachambua maharage.

"Si ulisema hawashiriki?" akauliza.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo Mukecuru aliponiita. Mukecuru ni neno la heshima tu kwa bibi, lakini katika kwaya yetu liliposemwa lilikuwa la mtu mmoja: mama wa miaka themanini na moja aliyeianzisha kwaya kule Karagwe, chini ya paa la nyasi, kabla wengi wetu hatujaota ndevu. Sasa anaishi Busanza na mwanawe na mkwewe wa kike. Wimbo wetu wa kwanza kabisa aliutunga yeye. Ni wimbo wa safari: ubeti mmoja wa kutembea, mmoja wa mvua, mmoja wa kufika. Magoti yake yalikuwa yamechoka na macho hayakuona tena maandishi. Jumapili ya mwisho wa mwezi ule angetuongoza kuuimba kwa mara ya mwisho, kisha astaafu.

"Mwanangu," aliniambia, akipapasa benchi ili nikae karibu naye, "wewe ndiye mtu wa maneno."

"Ndiyo, Mama."

"Nataka wimbo wangu uimbwe kama nilivyoutunga. Mara hii moja tu. Halafu nipumzike."

"*Nta kibazo*, Mama. Nitaulinda."

Akaniinamishia uso kama anayesubiri niongeze sentensi.

"Haya," akasema.

Nikaulinda. Jumatatu yake tu simu ikatetemeka: pendekezo juu ya wimbo wa Mukecuru, na mpendekezaji ni mkwewe, mwanamke wa makamo anayeimba soprano na ambaye hadi siku hiyo nilimwona mtu mwenye busara. Alitaka kuongeza ubeti wa nne.

*Jirani alituazima jembe, mpini tukauvunja,*
*tukaliegemeza mlangoni, tukaondoka kimya.*
*Hatukumwambia yeye, Bwana, twakuambia wewe.*

Niliusoma nikiwa nimesimama dukani. Mimi nina shahada ya fasihi. Najua wimbo wa dini una mto, mlima, mwanga, pengine mchungaji na kondoo. Hakuna mtu anayevunja mpini mbele ya Mungu. Na hata kama yupo, hayumo katika wimbo huu, ambao niliuchapa kwa vidole vyangu mwenyewe, beti tatu, nimeziona kwa miaka kumi na saba. Tayari watu tisa walikuwa wamekubali. Nikabonyeza Kataa.

Jumanne ubeti ukarudi. Nikaukataa. Kisha nikampigia mkwe mtu simu. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto, mvua, na hali ya barabara ya Busanza.

"Dada," nikasema mwishowe, "kuhusu ule ubeti wa jembe."

"Ndiyo, Kaka."

"Naomba tusiuguse wimbo wa Mama. Ameniomba mwenyewe."

"Amekuomba?"

"Uimbwe kama alivyoutunga."

"Ndivyo alivyosema?"

"Kwa maneno hayo hayo."

"Sawa, Kaka," akasema. "*Nta kibazo*."

Jumatano, nikiwa na kijiko cha isombe mkononi, simu ikatetemeka. Ubeti wa nne, mpendekezaji yule yule, waliokubali kumi na wawili. Nikaukataa nikitafuna. Alhamisi niliukataa tena, mara ya nne, kwenye foleni ya benki. Ijumaa haukuja, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Nikampigia katibu.

"Mfungie huyu mtu asiingie," nikamwambia.

"Siwezi, Muzee. Amekubaliwa na watu kumi na wanne. Ni wewe peke yako unakataa."

"Ndiyo kazi ya mlinzi."

"Ndiyo." Nilimsikia akivuta pumzi. "Muzee, uko na uhakika?"

"Wimbo ule niliuchapa mimi."

"Nimeona," alisema taratibu. "Niliona vile uliuchapa."

Nikalipokea hilo kama sifa.

Jumamosi ubeti ulirudi tulipokuwa tunatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, viatu vyangu vimejaa tope la mtaro tuliouchimba mtaa mzima, na nikaukataa kwa kidole kichafu. Ya sita ilikuwa Jumapili asubuhi, mlangoni mwa kanisa, nimevaa suti. Nilibonyeza Kataa, nikatia simu mfukoni, nikaingia kwa amani ya mtu aliyetimiza ahadi.

Siku hizi tunaimba tukisoma simu. Vitabu vya nyimbo vilipewa panya wa stoo wiki ile ile tulipopata programu. Mukecuru peke yake hana simu. Alisimama mbele yetu na mkongojo wake, ametugeuzia mgongo nusu ili waumini nao wamwone, na akaanzisha. Tuliimba kutembea, tukaimba mvua, tukaimba kufika. Tulikuwa wazuri, nasema kweli.

Ulipokwisha ubeti wa tatu, simu yangu ilinionyesha kiitikio. Lakini mtandao ndani ya kanisa letu ni mvivu, na Kataa yangu ya mlangoni ilikuwa imezifikia simu zingine na kuzikosa zingine. Nusu ya kwaya iliingia kwenye kiitikio. Nusu nyingine iliingia kwenye ubeti wa nne, na ilipofika katikati ya mstari wa kwanza habari zikawafikia na ubeti ukatoweka mikononi mwao. Mwimba tenori mmoja alibaki kinywa wazi akiitikisa simu yake. Mpiga kinanda alizunguka pale pale kwenye sauti tatu, kama mume anayemsubiri mkewe nje ya duka.

Mukecuru hakusikia habari za mtandao. Alikuwa amefumba macho, na alikuwa akiimba. *Jirani alituazima jembe.* Kisha wale wazee wa Karagwe, saba au wanane, wakateremsha simu zao na kumfuata bila kusoma. Besi aliyekuwa karibu nami, mtu ambaye hukosea hata "Amina", aliuimba mpini ule bila kubabaika. Kuna namna mdomo unavyokaa unapotamka kitu ulichokijua tangu ujana, na niliiona kwenye nyuso zote zile kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama katikati yao na kiitikio kinawaka mkononi.

Vijana, kwa kuogopa kunyamaza kanisani, waliendelea na kiitikio kwa sauti zaidi. Nyimbo mbili zikagongana. Mukecuru alifika hadi *tukaliegemeza mlangoni*, akasita, akashusha mkono. Mstari wa mwisho haukuimbwa. Waumini wakatupigia makofi, wakarimu kama kawaida yao.

Nilifika nyumbani sikula. Nikaifungua tovuti yangu ya zamani, ambayo katibu hakuwa na moyo wa kuizima, na nikaingia nyuma yake, kwenye maandishi ya kompyuta ambayo msomaji haonyeshwi. Katika lugha ile ya kurasa kuna alama ya kuficha. Ukiyazungushia maneno alama hiyo, yanabaki ndani ya ukurasa lakini hayatokei kwa mtu yeyote. Chini ya ubeti wa tatu niliikuta. Ndani yake kulikuwa na jembe, na jirani, na mpini, mistari yote mitatu, nimeichapa mimi bila kosa hata moja. Na baada yake nilikuwa nimejiandikia: *Haufai kanisani. Nitamuuliza.*

Sikumuuliza. Nilikuwa kijana mwenye shahada. Nadhani nilipanga kumuuliza wiki ile ile, kisha wiki iliyofuata, na baadaye nikaanza kuuamini ukurasa wangu kama walivyouamini wengine. Nikaenda kwenye droo. Karatasi za Mukecuru zilikuwa mbili, mwandiko wa mkwewe: *Mwanangu, umesahau ubeti wa nne.* Ya pili ilisema hivyo hivyo, ila iliongeza *tafadhali*.

Nikampigia katibu. "Ulijua."

"Niliona wakati nilihamisha nyimbo, Muzee. Nikafikiri iko na sababu. Mtu mkubwa hawezi kuficha kitu bila sababu."

"Na wazee?"

"Wao walijua kutoka zamani. Walifikiri ni kanisa ndiyo ilikataa."

"Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Nilikuuliza," alisema. "Nilisema, uko na uhakika?"

Jumatatu nikaenda Busanza. Mkwe alinifungulia bila dalili yoyote ya ushindi usoni, jambo lililoniumiza zaidi, akaenda kuleta chai. Mukecuru alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa nini?"

Alitaka niseme. Nikasema yote, tangu alama ya kuficha hadi suti ya mlangoni. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Na kwa nini haukufaa?"

"Niliona jembe, Mama. Niliona si mambo ya kiroho."

"Mpini ule niliuvunja mimi." Alisema kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa. "Tulikuwa tumefika juzi, hatuna hata kisu. Mama mmoja wa pale akatuazima jembe lake, na alikuwa nalo moja. Nikauvunja siku ya kwanza. Yeye alikuwa ameenda gulioni. Nikaliegemeza mlangoni kwake, kipande huku na kipande huku, na kesho yake tukahamishwa kijiji kingine. Sikumwona tena. Nikasema nitaimba. Nyimbo za kule zilikuwa zinatembea, pengine wimbo ungemfikia."

Mkwe aliweka chai mezani, akabaki amesimama.

"Miaka yote hii, Mama. Ungeniambia tu."

"Nilikuletea karatasi. Ukasema utaiangalia."

"Ungenigombeza."

"Nimgombeze mtu aliyesoma?" Akanywa chai yake. "Sasa umenizuia kustaafu."

"Vipi, Mama?"

"Umeniacha mlangoni kwa watu, nimeshika jembe lililovunjika, kanisa zima linanitazama. Unataka nibaki pale? Mwezi ujao nitaimba tena."

"Magoti, Mama," mkwe akasema.

"Nitaimba nimekaa."

Mkwe alinitazama. "Nipendekeze tena, Kaka?"

Nikasema nitapendekeza mimi. Sikuwahi kupendekeza kitu, kazi yangu ilikuwa kuua, kwa hiyo sikujua kitufe kilipo. Alinionyesha. Programu ikaniambia nimetoka, niingie upya. Ikataka nywila. Nywila niliyoikumbuka haikuwa yenyewe. Ikasema imenitumia namba ya siri, na namba ilipofika nilikuwa natafuta miwani, na nilipoipata miwani namba ilikuwa imekwisha muda wake. Mukecuru aliuliza kama zamani pia ilikuwa hivi. Nikamwambia zamani nilikuwa naandika tu. Akasema, "Ndiyo, nakumbuka ulivyoandika."

Mwishowe ubeti uliingia kwenye orodha, ukiwa na jina langu. Kubali ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yangu. Kabla sijamaliza nusu kikombe walikuwa kumi na tisa.

"Umeingia, Mama."

"Nisomee."

Nikamsomea beti zote nne. Kwenye mstari wa mwisho midomo yake ilikwenda pamoja nami. Akagusa mkono wa kiti.

Simu ikatetemeka. Yule besi wa "Amina" alikuwa ameguswa sana na tukio la jana, akapendekeza ubeti wa tano. Watano walikuwa wameshakubali.

"Ni nini?"

"Kuna mtu ameongeza ubeti, Mama. Jirani anarudi kutoka gulioni, anaona jembe, anatusamehe."

"Nani kamwambia ametusamehe?"

"Hakuna, Mama. Ametunga."

"Kataa."

Nikasita. Nilikuwa nimeapa njia nzima kutoka mjini kwamba kitufe kile sitakigusa tena maishani, na jina litakaloonekana pale litakuwa langu, siku moja tu baada ya yote hayo. Nilimweleza.

"Lete hiyo simu," akasema.

Nikaishika mbele yake, nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka penye Kataa. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayepiga kengele ya mlangoni kwa mtu, kisha akauliza kama kuna mwingine.